Kisanduku cha Fedha kutoka Japani: Maswali Yenu

Nimerithi kisanduku cha madini ya fedha chenye joka kifunikoni. Nitajuaje kama kimetoka Japani au China?

Kigeuze, utazame chini. Vingi vya Japani vimegongwa herufi mbili, 純銀, zinazosomwa *jungin*, yaani fedha safi. Pengine pana jina la duka pia, kwa mfano Arthur & Bond wa Yokohama. Vya China mara nyingi vina herufi za Kilatini, kama WH za Wang Hing wa Hong Kong. Usitafute muhuri wa serikali ya Japani: ulianza 1929, na kisanduku chako huenda kimeutangulia.

Kwa nini mafundi wa Japani waliwatengenezea Wazungu vitu vya namna hii?

Hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Bandari ya Yokohama ilifunguliwa kwa wageni mwaka 1859, wafanyabiashara wakamiminika. Kisha mwaka 1876 serikali ya Mfalme Meiji wa Japani ikapiga marufuku kubeba panga hadharani, isipokuwa kwa wanajeshi, polisi na wachache wengine. Fikiria mafundi waliorithi kwa baba na babu kazi ya kunakshi vikingio na mapambo ya panga za samurai: soko lao likaanguka. Wengi walihamishia ustadi uleule kwenye vyombo vya kuuzia wageni: visanduku vya sigara, vya kadi, vya vito. Umbo lilifuata mahitaji ya mnunuzi wa Ulaya, lakini maua ya irisi na krisanthemamu na majoka yalitoka mkononi mwa fundi. Ukiona magamba ya joka yamechongwa moja moja, huenda mkono huo ulifunzwa kwenye upanga.

Nje nakshi zimeinuka, lakini ndani ni laini kabisa. Je, ni kazi ya mashine?

La. Nakshi iliyoinuliwa kwa nyundo huacha mashimo upande wa pili. Fundi aliyaficha kwa bamba jingine jembamba la fedha. Kuta mbili ni dalili njema.

Kimeingia weusi. Nikisugue kwa dawa ya meno?

Tafadhali usifanye hivyo. Dawa ya meno hukwaruza, na weusi uliotulia kwenye mifereji ndio unaozionyesha nakshi. Futa kwa kitambaa laini cha pamba, basi. Usikitumbukize kwenye dawa ya kung'arishia pia, hasa kama kina mapambo ya *shakudo*, shaba iliyochanganywa na dhahabu kidogo: rangi yake nyeusi iliwekwa makusudi, na ikitoka imetoka. Kihifadhi mbali na mpira na sufu, kwani salfa iliyomo huifanya fedha iwe nyeusi.

Sonara anataka kukinunua kwa uzito.

Kataa. Kwake kitaishia kwenye moto. Piga picha za chapa, za ndani ya kifuniko na za bawaba, umwonyeshe mtu anayezijua kazi za fedha za Asia kabla hujataja bei yoyote.