Maswali na Majibu: Kishimo kinapobaki kiza

Nasikia dawa za saratani hutafutwa kwa kuangalia vitu vinavyong'aa. Vipi? (Msomaji, Wete)

Umepata kuona muuza duka akipitisha noti chini ya taa ya zambarau, alama zilizojificha zikawaka? Basi ni hivyo. Kitu hunyonya mwanga wa aina moja na kuutoa kwa rangi nyengine. Taa ikizimwa, nacho huzima. Si kama bahari inayomeremeta usiku ukipiga kasia, maana mwanga ule viumbe huutengeneza wenyewe.

Ndani ya seli mna vimeng'enya, protini zinazokata na kuunga vitu, na saratani huvitegemea baadhi yake. Maabara hufunga rangi kwenye kipande kidogo cha protini, na ikiwa imefungwa haing'ai. Kimeng'enya kikikata, rangi hufunguka, na kishimo cha sahani ya maabara kilichotiwa mchanganyiko huo huwaka buluu. Ukitia kitu kinachokizuia kimeng'enya, kishimo hubaki kiza, na kiza hicho ndicho kinachotafutwa. Proteasomu, kimeng'enya kinachovunjavunja protini zilizochakaa ndani ya seli, hupimwa hivi. Dawa ya bortezomibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003 kutibu mayeloma (saratani ya seli za damu kwenye uboho wa mifupa), kazi yake ni kuizuia hiyo.

Wanapima kimoja kimoja? (Msomaji, Mkunazini)

La. Sahani moja ya plastiki, upana wa kiganja, ina vishimo 96, 384 au hata 1,536. Roboti hudondosha, mashine husoma.

Mama ana saratani ya matiti. Jirani kasema maabara imethibitisha manjano yanazuia saratani, basi aache sindano za hospitali. (Msomaji, Chake Chake)

Asiache, mwanangu. Nakuomba sana.

Rangi ya manjano inatokana na kukumini, nayo ina tabia mbili za kupoteza watu njia: hung'aa yenyewe, tena hunyonya mwanga ule ule wa buluu unaopimwa. Kishimo kinaweza kuonekana kiza na kimeng'enya kinakata kama kawaida! Ndiyo maana wataalamu makini hurudia kipimo kwa rangi nyengine, au kwa njia isiyotumia mwanga kabisa. Na hata kukumini ikiwa kizuizi cha kweli, bado ijaribiwe kwenye seli, wanyama, kisha wagonjwa wa kujitolea, miaka mingi. Isitoshe, kukumini ikimezwa, kidogo mno ndiyo hufika kwenye damu.

Manjano ya mchuzini ale kama kawaida. Vidonge vya manjano, kama jirani kashampa, mwoneshe daktari kabla hajameza, kwani vyengine hugongana na dawa. Na siku yake ya sindano mpeleke mwenyewe.