Uliza Dokta: Madesa yamejaa chumbani, lakini nikiulizwa nakwama

SWALI: Shikamoo Dokta. Nasomea ubingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi, mwaka wa mwisho. Pepa ya kuandika na mtihani wa vitendo viko njiani. Madesa, yaani makaratasi ya kusomea, ninayo hadi nimekosa pa kuyaweka, na nimeyapaka rangi zote. Ila bosi akinisimamisha kwenye raundi na kuniuliza, maneno yananipotea. Nisome nini zaidi?
*Rezidenti, Nkuhungu*

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usiongeze kitabu. Umesoma vya kutosha, ila husemi. Mtahini haoni kilichomo kichwani mwako. Anasikia unachotamka, tena kwa mpangilio ulioutamka.

Tuseme umepewa mama aliyejifungua nusu saa iliyopita, damu inatoka, mapigo ya moyo 120. Waliosoma sana huanza kutaja sababu nne za damu kutoka baada ya uzazi, kwa ufasaha kabisa, huku mama wa watu akizidi kuvuja. Anza na “naita msaada”. Kisha nasugua mji wa mimba, natoa oksitosini ya kukaza mji wa mimba, asidi ya traneksamiki ya kupunguza kuvuja damu, gramu 1 kwenye mshipa, dripu, na nachunguza kama kuna mchaniko au kipande cha kondo kimebaki. Sema waziwazi kwamba hayo yanafanyika kwa mpigo, hungoji kimoja kishindwe ndipo uende kingine. Ndivyo ulivyoonyesha utafiti wa E-MOTIVE wa mwaka 2023, na Tanzania ilikuwa mojawapo ya nchi nne zilizoshiriki, kwa hiyo ukiukosa hapa nyumbani ni aibu kidogo.

Mazoezi hayo usimfanyie rezidenti mwenzako, maana atakuonea huruma. Mtafute mkunga mzoefu wa zamu ya usiku, leba ikitulia, umwombe akusikilize dakika kumi. Mweleze kifafa cha mimba: magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, gramu 4 kwenye mshipa taratibu, gramu 10 kwenye misuli, yaani 5 kila kalio, halafu 5 kila baada ya saa 4. Utakuwa hujamaliza sentensi atakuuliza, “Na goti umegonga, Dokta?” Ndipo utakapokumbuka kwamba kabla ya kila dozi unaangalia kama mguu unaruka, pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa, na kalsiamu glukoneti, dawa ya kupooza magnesiamu ikizidi mwilini, iko karibu. Ukikatizwa hivyo mara kadhaa, mtahini hatakutisha. Mimi wakunga ndio walioninoa, na maprofesa wangu wanisamehe.

Kuhusu madesa: angalia mwaka. Mengi yanarithiwa kutoka kwa kaka na dada zenu, na mengine yamechacha. Kama lako linasema uchungu kamili unaanza njia ikifunguka sentimita 4, Shirika la Afya Duniani lilishahamia 5. Kama linagawa hatua ya 1B ya saratani ya shingo ya kizazi mara mbili, ni la kabla ya 2018; sasa ni mara tatu, na matezi yaliyoathirika yana hatua yake, 3C. Hayo ya rangi rangi sina la kusema, ila sijaona karatasi ya njano ikimjibu mtahini.

Kwenye mgonjwa halisi, kumbuka uko Dodoma. Mama kutoka Bahi au Chamwino anaweza asikupe tarehe ya siku zake za mwisho, akakwambia ilikuwa wakati wa kupalilia. Usiandike “hajui” ukapita. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Muulize kama mahindi yalikuwa magotini au yamechanua, kama Pasaka ilishapita. Kisha pima kimo cha mimba kwa futi uone kama vinaoana. Mtahini akikuuliza wiki umezipataje, hapo una la kumwambia. Na kabla ya yote, msalimie, vuta pazia, omba ruhusa ya kumgusa. Nimeona watu wenye akili sana wakipoteza alama hapo.

SWALI: Mimi ni mwalimu, naishi Kisasa. Mke wangu anajiandaa na mtihani wa ubingwa huohuo, anaamka saa tisa usiku kila siku. Udaktari siujui. Nimsaidieje?
*Baba Neema*

JIBU: Chukua watoto jioni, Baba Neema, hilo la kwanza. La pili, shika saa umpe kichwa cha habari, akueleze kwa dakika kumi. Kutojua kwako ndiyo faida: akikupoteza njiani, mwambie papo hapo. Na usiku wa kuamkia pepa ficha madesa alale. Atagomba. Mwache agombe.