Maswali yenu: Seli shina hujuaje kwamba iwe ya neva?

Jeni ni zile zile mwili mzima. Nani anaiamulia seli iwe ya ubongo na si ya ngozi? (Msomaji, Morogoro)

Seli shina ni seli ambayo bado haijapata kazi maalumu. Wanaoiamulia, kwa sehemu kubwa, ni majirani zake. Mwaka 1924 Hans Spemann na Hilde Mangold wa Freiburg, Ujerumani, walichapisha jaribio lao maarufu. Walichukua kipande kidogo cha kiinitete cha salamanda, mnyama wa jamii ya chura mwenye mkia, wakakipandikiza upande wa tumbo wa kiinitete kingine. Tumboni pale ukaanza kuota uti wa mgongo wa pili. Viinitete vilikuwa vya spishi mbili zenye rangi tofauti, kwa hiyo ilionekana wazi: tishu nyingi ya neva ilitokana na mwenyeji, yaani kiinitete kilichopandikizwa. Mgeni, kile kipande, alikuwa ametoa amri tu.

Amri yenyewe ilijulikana miaka ya 1990, na inashangaza. Protini ziitwazo BMP huisukuma seli iwe ngozi. Kipande kile hutoa protini nyingine, nogini na kodini, ambazo huzinyamazisha BMP. Seli isipoambiwa iwe ngozi, huelekea kwenye neva.

Eti hata ulaini wa mahali seli ilipokaa unahesabika? (Mwanafunzi, Eldoret)

Unahesabika. Mwaka 2006 Adam Engler, Dennis Discher na wenzao, Marekani, walilaza seli shina za uboho juu ya jeli. Kwenye jeli laini kama ubongo, chini ya kilopaskali 1 (kipimo cha ugumu), seli zilitoa matawi kama niuroni, yaani seli za neva. Kwenye ugumu wa misuli, kilopaskali kama 10, zilirefuka. Kwenye 25 hadi 40 zikaelekea mfupa. Seli huvuta pale iliposhika, ikapima ugumu kwa kuvuta huko. Walipoizima miosini, protini inayovuta, tofauti zikapotea.

Hapa mimi huweka breki. Matawi na alama za protini havitoshi. Niuroni halisi hurusha umeme na kuongea na wenzake. Ushahidi ninaouamini zaidi unatoka kwa seli shina za ubongo wenyewe: jeli laini huzielekeza kuwa niuroni, ngumu kidogo huzaa seli za kusaidia niuroni.

Mama alipata kiharusi. Kliniki moja inauza sindano ya seli shina za mafuta ya tumbo, eti zitageuka ubongo. Tulipe? (Msomaji, Tanga)

Poleni sana. Msilipe. Seli hizo zikichomwa kwenye mshipa, nyingi hunaswa kwenye mapafu, mbali kabisa na ujirani wa ubongo. Huko Kyoto, Japani, jaribio la tiba ya Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka, lililoanza 2018 lilitumia seli zilizotayarishwa maabara hatua kwa hatua, kisha zikapandikizwa ndani ya ubongo wenyewe, tena kwa wagonjwa wachache. Fedha mliyo nayo iende kwenye mazoezi ya viungo na dawa za presha, na mama asiruke dozi.