Kesi ya deni la krediti kadi Texas
Pole dada kwa kushtakiwa deni la krediti kadi ulilosema hujalipa toka 2019, ila hizo karatasi za mahakama ulizoletewa mlangoni hapo Houston usizitupie droo ukidhani wanaokudai watachoka, wengi wanaoshtakiwa wanashindwa kwa kunyamaza tu, jaji anatoa hukumu bila kukusikia na hela zako benki zinazuiwa (mshahara Texas hawakati kwa deni la kadi, angalau hilo). Kama ni mahakama ya JP (Justice of the Peace, mahakama ndogo ya mtaa) una siku 14 toka ulipokabidhiwa, wikendi nazo zinahesabiwa, upeleke jibu la maandishi, na kujibu hulipii kitu. Andika kwa Kiingereza namba ya kesi, jina lako, kwamba unakana madai yote na wathibitishe, kisha nakala mtumie wakili wao. Halafu hebu cheki jina la mdai, kama si benki yenyewe ni kampuni iliyonunua deni basi waambie waonyeshe karatasi za kulinunua, hapo ndo wengi wao wanabanwa. Na si umesema hujalipa toka 2019? Ukomo, yaani muda ambao ukipita hawaruhusiwi tena kukushtaki, Texas ni miaka 4 ila jaji hatakukumbusha, uandike mwenyewe humohumo kwenye jibu.