Kyubu zimefeli, bosi anataka slabu imwagwe

SWALI: Mimi ni mhandisi wa saiti ya ghorofa sita jijini Dar es Salaam. Nguzo za chini zilisanifiwa kwa zege la gredi 25 (nguvu ya niutoni 25 kwa kila milimita ya mraba), lakini kyubu za siku 28, yaani vipande vya zege hilo vinavyopondwa maabara kupima nguvu, zimetoa 17. Slabu ya ghorofa ya nne inamwagwa Jumamosi. Bosi anasema jengo halijatikisika, nisiharibu kazi. Familia inanitegemea. Nifanye nini?

JIBU: Ndugu yetu, slabu ya Jumamosi isimwagwe. Slabu ya mm 150 huongeza takriban kilo 375 kwa kila mita ya mraba, na mzigo huo ukishapanda haushuki. Jengo kutotikisika si ushahidi: halina bado kuta zote, matangi ya maji wala watu. Tena nguzo haitoi taarifa kama boriti, ambayo hulegea na kuonyesha nyufa mapema. Nguzo ikizidiwa hupasuka ghafla.

Kisha hakikisha kosa liko wapi. Kyubu isiyoshindiliwa vizuri, au iliyoachwa juani badala ya kulazwa majini, husoma chini hata kama zege la nguzo ni zuri. Nyundo ya kupima ugumu itakuonyesha nguzo zipi zina mashaka zaidi, lakini hugusa uso tu. Jibu hutoka kwenye viini vya zege, yaani vipande vya mviringo vilivyokatwa kwenye nguzo zenyewe: angalau vitatu kwa kila fungu la zege lenye mashaka, kipenyo mm 100 na urefu uleule ili vilinganishwe na kyubu. Kigezo kinachotumika sana ni wastani usiopungua 85% ya gredi, yaani 21.25 kwenu, na kisiwepo kimoja chini ya 75%. Tafuteni nondo kwa kifaa kabla ya kutoboa. Na tegemezeni kwanza kwa propu, yaani nguzo za muda! Nguzo ya mm 230 kwa 300 ikitobolewa mm 100 imepoteza theluthi ya upana wake mahali hapo.

Leo hii andika barua kwa bosi, mshauri mwelekezi na mwenye jengo: namba za nguzo, tarehe za kumwaga, matokeo, na ombi la kusimamisha kazi. Ingiza pia kwenye daftari la saiti, ubaki na nakala iliyosainiwa. Wakikaidi, peleka nakala halmashauri iliyotoa kibali na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kabla ya Jumamosi.

Huko Bangladesh, Aprili 23, 2013, mhandisi alisema jengo la Rana Plaza si salama. Benki iliyokuwemo ikafunga. Viwanda vya nguo vikawarudisha wafanyakazi kesho yake, na jengo likaporomoka. Walikufa zaidi ya watu 1,100. Onyo la mdomo humalizikia kwa anayepata hasara akilisikia.

Kazi unaweza kuipoteza, hatukufichi. Barua hiyo ndiyo itakayokulinda mbele ya Bodi na mahakama. Na ukiona nguzo ina nyufa za wima, au zege linabanduka na nondo kupinda, usiandike chochote: toa watu wote kwanza, na mafundi wanaolala saiti.