Mgeni akilalamika, rudi kwake: kwa vijana wapya wa mapokezi

Msimu huu tumepokea tena vijana wa field, na wiki ya kwanza haijaisha nimeshachoka kusikia "pole sana, tunalifanyia kazi". Nawapenda wadogo zangu hawa. Wanawahi kazini, wanapendeza, Kiingereza chao kizuri na wengine wanajitahidi hata Kiitaliano. Lakini mgeni anaeleza shida yake, anapewa pole na tabasamu, kisha kila mtu anarudi kwenye simu yake, na baada ya saa mbili mgeni yuko tena kaunta, safari hii sauti imepanda. Haya ninayoandika ni ya hoteli za ufukweni Unguja, hasa pwani ya mashariki, maana ndiko ninakokujua.

1. "Bahari iko wapi?"

Hili litakukuta wiki yako ya kwanza. Mgeni amechagua hoteli kwa picha iliyopigwa maji yamejaa, anafika mchana anakuta mchanga, mawe na mwani mpaka kule mawimbi yanakopasukia. Anaona ametapeliwa. Juzi nimemsikia kijana akimjibu mgeni, "yatarudi baadaye." Mgeni akauliza saa ngapi. Kijana akanitazama mimi.

Ukifanya kazi pwani, ujue maji. Yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake zinasogea mbele karibu dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, na hapo tofauti ya maji kujaa na kupwa Unguja inakaribia mita 4. Katikati ya vipindi hivyo ni maji mafu, bahari haisogei sana. Paje, Bwejuu na Jambiani ufuko ni tambarare hadi kwenye mwamba, ndiyo maana maji yanakwenda mbali. Nungwi na Kendwa kina kiko karibu zaidi, mtu anaogelea karibu muda wote. Mweleze mgeni ukweli huo bila kuionea haya hoteli yako. Kila asubuhi andika saa za maji kwenye ubao wa mapokezi, na umpe la kufanya maji yakipwa: atembee na mtu wa kijijini hadi kwenye mashamba ya mwani, avae viatu kwa ajili ya miiba. Mwambie pia aombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Mama aliyeinama kwenye maji tangu asubuhi akifunga mwani wake yuko kazini kama wewe.

2. Chumba hakijawa tayari

Ndege nyingi kutoka Ulaya zinatua asubuhi, barabara ya kuja huku ni kama saa nzima, na chumba kinatolewa saa nane mchana. Mgeni amekesha angani. Huenda pia ametoka kulipishwa uwanjani bima ya lazima ya dola 44, iliyoanza Oktoba 1, 2024, kama hakuinunua kabla. Usimsomee kanuni za hoteli. Mpe taulo, mwonyeshe bafu la wageni wa kutwa, pokea mizigo, mpe kitu baridi, kisha wapigie wahudumu wa vyumba uulize ni kipi kitatoka kwanza. Na ukishamwambia "saa saba", saa saba uwe mbele yake, hata kama habari yenyewe ni kwamba chumba bado.

3. Maji na umeme

"Sabuni haitoi povu." Ni kweli, visima vyetu vingi vya ufukweni vina chumvi. Mwambie mapema, mwekee maji ya kunywa ya kutosha, mweleze kwamba ya bombani asiyanywe wala asiyasukutulie meno.

Umeme ukikatika, nenda ukawagongee wageni wazee kwanza, kabla hawajaanza kupapasa ngazi gizani. Nyie hamkuwepo kazini kati ya Desemba 2009 na Machi 2010, Unguja nzima ilipokaa bila umeme kwa miezi mitatu baada ya hitilafu ya njia inayouleta kutoka bara chini ya bahari. Hoteli ziliendeshwa kwa jenereta mchana na usiku, na zisizokuwa na uwezo wa mafuta zilipata shida kubwa. Mwaka 2013 ukaja waya mpya wa megawati 100, mambo yakawa nafuu. Waliopita kipindi kile walijifunza kumwambia mgeni saa za jenereta kabla hajauliza, na hilo bado linafaa leo umeme ukikatika kwa nusu saa tu.

4. Kiyoyozi kinavuja

Hapa nitakaa kidogo.

Nilikuwa zamu ya usiku kwenye hoteli moja ndogo, wakati wa masika, wageni wachache. Mama mmoja mtu mzima alipiga simu kutoka chumba namba 14: kiyoyozi kinadondosha maji karibu na kitanda. Nikampa pole, nikamwambia fundi atakuja asubuhi, nikamtuma mlinzi apeleke ndoo, nikaandika kwenye daftari la zamu: "14, AC inavuja, fundi." Nikaona nimemaliza.

Asubuhi mwenzangu akasoma daftari, akampigia fundi. Fundi akapanda, akakuta kibao cha "usisumbue" mlangoni, maana wenyewe walikuwa wamelala baada ya kukesha wakisikiliza matone kwenye ndoo. Akaenda zake kwenye pampu, ambayo nayo ilikuwa ikimngoja. Mchana mama na mumewe wakaenda Jozani kuwaona kima punju. Chumba kikawa kitupu, mhudumu akatandika vizuri, akamwaga ndoo, akairudisha pale pale. Hakuna aliyemwambia fundi kwamba sasa anaweza kuingia. Usiku nikashika zamu, nikaona mstari wangu umewekewa alama ya vema, nikaamini kazi imefanyika. Alama ile ilimaanisha kwamba fundi ameambiwa, basi. Walipotoka kula nikawasalimu kwa bashasha, nikawauliza kama walifurahia msitu. Mama akanitazama bila kusema kitu, na mimi nikadhani amechoka na safari.

Usiku wa manane akashuka amekumbatia shuka lililolowa. Akaliweka juu ya kaunta. Hakupaza sauti. Alisema ameeleza shida hii kwa watu watatu, na kila mmoja alimwomba radhi kana kwamba ndiyo kwanza anaisikia.

Sasa linaloniuma mpaka leo. Chumba namba 9 kilikuwa kitupu muda wote ule, kimetandikwa, ufunguo wake unaning'inia mgongoni kwangu. Kilikuwa kimewekewa mgeni wa keshokutwa, na kwa sababu hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyekifikiria. Niliwahamishia huko usiku ule ule, na ilichukua dakika chache. Asubuhi fundi alikuta bomba la kutolea maji la kiyoyozi limeziba kwa vumbi na ukungu. Akalipuliza, akalisafisha, akateremka kunywa chai. Mume wa yule mama alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji, na safari ile ilikuwa ya kupumzika. Nililijua hilo siku wanaondoka, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyewahi kukaa nao akawauliza.

Kila mtu aliyehusika alifanya kipande chake. Mimi niliandika, mwenzangu alipiga simu, fundi alipanda, mhudumu alimwaga ndoo. Hakuna aliyerudi kwa mgeni. Kwa hiyo daftari ninalolisimamia sasa lina nafasi ya jina la aliyepokea lalamiko, saa aliyomwahidi mgeni, na saa aliyorudi kwake. Alama ya vema anaiweka aliyesikia kwa mdomo wa mgeni kwamba shida imekwisha. Zamu ikibadilika, lalamiko linakabidhiwa kwa jina, ana kwa ana, kama unavyokabidhi pesa za droo. Na kabla ya kumpigia fundi usiku, tazama kwanza vyumba vitupu. Kama hakuna ruhusa ya kuhamisha mgeni, mwamshe meneja wa zamu. Analipwa kwa hilo.

5. Kelele

Azana ya alfajiri itamwamsha mgeni aliyelala karibu na msikiti. Hakuna cha kumwombea radhi hapo, huu ni mji wa watu na ibada zao. Mwambie siku anayoingia, kwa heshima, na anayelala usingizi mwepesi mpe chumba cha upande wa bahari. Muziki wa jirani ni jambo jingine: nenda mwenyewe ukaongee naye vizuri, usimtume mlinzi na rungu.

6. Bili

Pitia bili na mgeni jioni ya mwisho, kabla ya asubuhi ya gari kusubiri nje. Asiyeitambua soda mbili, mwonyeshe karatasi aliyosaini. Kama karatasi haipo, ondoa soda hizo na ukaulize baa kwa nini haipo. Na msikimbilie kugawa chupa ya mvinyo kwa shida ambayo bado haijatengenezwa: mgeni mwenye bafu lililoziba anataka bafu.

7. "Nimeibiwa"

Nimeliweka mwisho kwa sababu ndilo mnaloliharibu vibaya kuliko yote. Mgeni anasema pesa zake hazionekani, na kijana wa mapokezi, akitaka kuonekana anamjali, anauliza hapo hapo, "leo nani alisafisha chumba?" Kwa sentensi moja umemfanya mtu mwizi. Mhudumu wa vyumba ndiye anayeshukiwa wa kwanza katika kila hoteli, na mara nyingi ndiye mwenye mshahara mdogo kuliko wote na sauti ndogo kuliko zote. Nimeona dada mwenye watoto akilia stoo ya mashuka, na jioni bahasha ikapatikana ndani ya kitabu cha mgeni.

Mwite msimamizi. Panda naye chumbani, mgeni awepo, atafute mwenyewe nanyi mkimsaidia: chini ya godoro, nyuma ya droo, mifuko ya ndani ya begi, mfuko wa nguo zilizokwenda dobi. Usiguse pesa zake. Mkikosa, andikeni maelezo, mgeni asome na kusaini, abaki na nakala, na kama anataka kwenda polisi mtafutie gari na mtu wa kumsindikiza. Jina la mhudumu lisitajwe mbele ya mgeni. Wakati huo huo mtu mwingine aende akakae na yule dada, amweleze kinachoendelea kabla hajasikia kutoka jikoni.