Usifunue kwanza

Wiki iliyopita jarida liliuliza: hadithi za katuni zenye fumbo, wezi na hatari zinamfaa mtoto ambaye hajajua kusoma? Na anayezisoma na wanawe nyumbani, anazisomaje? Mimi nasema zinamfaa, tena zinamfaa yeye kuliko yule anayejua kusoma. Nimelijua hilo kwa binti yangu.

Nina watoto wawili hapa Tanga, kaka wa miaka minane na mdogo wake wa kike wa miaka mitano. Mwaka jana nilikwenda Dar kikazi, nikapita kwa wauza vitabu vya mitumba wa kando ya barabara, nikarudi na kitabu kimoja cha Kiingereza, jalada lake limeanza kubanduka: The Secret of the Unicorn, kisa cha Tintin kilichochorwa na Mbelgiji Hergé. Kinaanzia kwenye soko la vitu vikuukuu. Tintin, kijana mwandishi wa habari, anaona mfano wa merikebu ya kale, ananunua ampelekee zawadi rafiki yake, Nahodha Haddock, na papo hapo wanazuka watu wawili wanaoitaka kufa na kupona. Merikebu ya mbao ya kuweka juu ya kabati, wana shida gani nayo? Hapo watoto wangu walinasa, na mimi pamoja nao.

Siku za mwanzo nilisoma vibaya. Nilisoma maneno ya kwenye viputo, nikayatafsiri, nikafunua, nikaendelea. Kaka mtu alikuwa akinikimbiza, "Endelea, Baba, endelea." Mdogo wake amejilaza kwenye paja langu, kidole chake hakitoki kwenye picha. Siku ya tatu au ya nne akasema, "Baba, hawa hawafanani."

Alikuwa anawazungumzia wale wapelelezi wawili wa suti nyeusi, kofia nyeusi na bakora, ambao kila mtu huwadhani mapacha. Majina yao, Thomson na Thompson, yanatofautiana kwa herufi moja tu. "Huyu sharubu zake zimenyooka. Huyu zimebetuka hapa mwishoni." Nikainamia ukurasa. Kweli kabisa. Ndivyo mchoraji alivyowatofautisha, na si ndugu hata kidogo. Kaka yake, ambaye majina yale ameyasoma mara nyingi, hakuwa ameona. Mimi pia sikuwa nimeona, na kitabu ninakishika mimi.

Tangu siku hiyo tukabadilisha mwendo. Ukurasa ukifunuliwa, sote tunanyamaza. Kwanza tunaangalia, halafu yule mdogo anatueleza kinachoendelea, na kaka yake haruhusiwi kumkatiza. Maneno yanasomwa mwisho. Mara nyingi binti ameshapata zaidi ya nusu ya kisa kabla sijafungua mdomo: nani ana hasira, nani anajificha, nani hakuwepo kwenye picha iliyopita. Anayejua kusoma hukimbilia maneno, kwa hiyo picha inampita. Asiyejua kusoma hana pa kukimbilia.

Halafu kuna ile picha ya mwisho, kona ya chini kulia. Kisa hiki kilitoka kwanza gazetini, kipande kila siku kuanzia Juni 1942, ndipo kikawa kitabu 1943. Mchoraji aliyezoea kuwangojesha watu mpaka kesho yake anajua pa kukatia. Mara nyingi ukifika kwenye kona ile mtu ameshtuka, au mlango unafunguka na hujui nani anaingia. Nikishika ukingo wa ukurasa, watoto wote wawili wanapiga kelele, "Usifunue kwanza!" Kila mmoja anasema analofikiri liko upande wa pili. Hapo sihimizi. Wakati mwingine tunakaa kwenye kona ile mpaka chai inapoa.

Kwa kweli hicho ni kitendawili tu, na sisi tumelelewa kwenye vitendawili. Bibi yangu akitega, hakutoa jibu bure. Ukishindwa, alidai mji kwanza: umpe Lamu, umpe Bagamoyo, ndipo akufungulie. Binti yangu hataki kabisa kutoa mji. Afadhali atazame picha ileile siku mbili.

Lugha haikutuzuia. Nasoma Kiingereza kwa macho na Kiswahili kwa mdomo. Nahodha Haddock anatukana sana, lakini matusi yake ni ya ajabu tu, hayana uchafu, kwa hiyo tumemtungia ya pwani: "Ngisi mkavu we! Chaza! Mavi ya pomboo!" Hilo la mwisho ni la kaka mtu, na mama yao amelipiga marufuku mezani.

Hatari je? Nilikosea mara moja. Kwenye kitabu kingine cha Tintin, The Seven Crystal Balls, kuna maiti iliyokaushwa ya mfalme wa kale wa Inka, inayoingia dirishani usiku katika ndoto. Niliwasomea baada ya isha, taa moja inawaka. Binti alilala katikati yetu kwa wiki nzima, na dirisha lilibidi lifungwe na joto hili la Tanga. Sikukitupa kitabu. Tulikirudia mchana, barazani, yeye mwenyewe akiwa ameshika ukurasa ule, akiufunua na kuufunika anavyotaka, mpaka akachoka nao.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kitu kingine. Jirani mmoja, kwa wema wake, alituletea Tintin au Congo, yaani kwa Kifaransa "Tintin huko Kongo". Hergé alianza kukichora 1930 bila kuwahi kukanyaga Kongo. Katika toleo la rangi la 1946 alilitoa lile darasa ambamo Tintin anawafundisha watoto wa Kongo kwamba nchi yao ni Ubelgiji, akaweka somo la hesabu, lakini watu wetu walibaki wamechorwa kwa dhihaka, midomo minene ileile na ujinga uleule. Mkongo Bienvenu Mbutu Mondondo alikwenda mahakamani Brussels 2007 kukipinga, na 2012 mahakama ikamkatalia. Nyumbani kwangu kiko juu ya kabati. Kaka mtu atakisoma akikua, nami nikiwa pembeni yake. Mdogo wake, hapana. Jicho lililoona ncha za sharubu litaiona na midomo ile, na maelezo yangu yatafika picha imeshaingia.

Ninachokitamani ni vitabu vya namna hii vya kwetu. Mohamed Said Abdulla alitupa mpelelezi Bwana Msa na kiko chake tangu Mzimu wa Watu wa Kale ya 1960. Nani atamchora kwa ajili ya watoto wa miaka mitano, picha sita kwa ukurasa, vichochoro vya Unguja, na alama ndogo imefichwa pembeni kwa ajili ya asiyejua kusoma?

Katika merikebu ile, siri imefichwa kwenye mlingoti. Ziko merikebu tatu na hati tatu, na ukizishika pamoja mbele ya mwanga, maandishi yanakamilishana. Juzi watoto walichukua karatasi nyembamba zinazofungiwa viatu dukani, wakachora vipande vitatu, wakanipa. Nikaviweka kwenye kioo cha dirisha, kimoja juu ya kingine. Nikaona mduara, mistari miwili, na kitu kama mkia. Nikasema paka. Nikasema kata ya maji. Nikasema kaa.

"Umeshindwa, Baba. Nipe mji," akasema binti.

Nikampa Pangani.

"Ulishanipa jana."

Nikampa Mombasa. Akanishika mkono, akanipeleka uani mpaka kwenye mtungi, akainua kifuniko. Juu ya sahani kulikuwa na kashata tatu.